Kukata Rufaa kwa Aliyeua Bila Kukusudia: Je, ni Kupinga Qadari?

 

Baada ya darsa, dada mmoja aliniletea swali zito. Kaka yake amefungwa kwa kuua bila kukusudia. Walikuwa na ugomvi, akampiga mwenzake ngumi, yule akaanguka vibaya na akafariki. Sasa kijana anakataa kukata rufaa. Anasema kifungo ndiyo toba yake, na anayeomba mahakama ya juu impunguzie anabishana na Aliyemkadiria. Mimi nasoma sheria, si mufti wala si wakili, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua tu.

Kijana amechanganya haki tatu. Kuna haki ya Allah, ambayo ni toba na kafara. Kuna haki ya jamaa wa marehemu, ambayo ni diya, isipokuwa wakisamehe. Hizi mbili zimetajwa wazi katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Kisha kuna adhabu ya dola, na rufaa inagusa hii ya tatu peke yake. Mtu anaweza kukiri mbele ya Mola wake na mbele ya watu kwamba mkono wake ndio ulioua, na bado akasema miaka aliyopewa imepita kiasi. Hakuna mgongano hapo.

Kuhusu qadari, someni Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Nabii Daud alihukumu katika kesi ya shamba lililoharibiwa na kondoo, kisha Sulaiman akafahamishwa hukumu iliyo bora zaidi, na Qur'ani inawasifu wote wawili kwa hekima na elimu. Hukumu ya kwanza kurekebishwa haikuwa dharau kwa Daud, sembuse kwa Allah. Na katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi anaambiwa kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki leo. Mgonjwa anayekwenda hospitali hatumwambii anapinga qadari. Sioni kwa nini tumwambie hivyo mfungwa.

Tuje mahakamani. Hapa Uganda, tofauti kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni dhamira. Kwa kosa hili la pili adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Mwongozo wa adhabu wa mwaka 2013 unaanzia miaka 15, na jaji anaweza kushuka hadi 3 au kupanda hadi maisha. Uwanja ni mpana mno, na ndiyo maana matukio yanayofanana huzaa vifungo visivyofanana.

Lakini mahakama ya rufaa haikai kujiuliza, "Sisi tungempa miaka mingapi?" Wengi hawalijui hili, na familia hutumia fedha nyingi kupeleka machozi mahali panapohitaji hoja. Katika kesi ya Kiwalabye Bernard, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba adhabu haiguswi ila ikiwa imezidi mno, au ni ndogo mno kiasi cha kuvunja haki, au jaji alipuuza jambo muhimu, au alikosea kanuni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma hukumu yenyewe, mstari kwa mstari. Je, jaji alitaja kwamba ni kosa la kwanza? Alizingatia umri? Majuto? Na je, alizihesabu siku za mahabusu?

Hapo kwenye mahabusu nataka tukae kidogo. Katiba, ibara ya 23(8), inataka muda ambao mtu amekaa ndani kabla ya hukumu uzingatiwe. Kwa miaka mingi majaji waliandika tu kwamba "wamezingatia". Mwaka 2017, katika kesi ya Rwabugande Moses, Mahakama ya Juu ilisema muda huo lazima utolewe kwa hesabu. Yeye alihukumiwa kwa kuua kwa kukusudia na alikuwa na miaka 35. Mahakama iliona 22 inatosha, ikatoa mwaka mmoja wa mahabusu, ikabaki 21. Maamuzi ya baadaye yamefafanua kwamba kanuni hiyo hairudi nyuma kufuta hukumu zilizotangulia. Aliyehukumiwa baada yake, aikague hesabu yake.

Muda ni mfupi. Taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14, na mfungwa anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Aliyehukumiwa na Hakimu Mkuu huenda Mahakama Kuu; aliyehukumiwa na Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufaa, na kama analalamikia adhabu pekee ataomba ruhusa kwanza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila awe na sababu ya maana. Ukubwa wa adhabu hauendi tena Mahakama ya Juu. Huko hupelekwa swali la sheria tu.

Tena rufaa si mlango wa kutokea tu. Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alipewa miaka 5 mwaka 2014 kwa kuua bila kukusudia. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na mwaka 2015 kosa likageuzwa kuwa kuua kwa kukusudia. Akapewa miaka 6, mashtaka wakarudi tena, na mwaka 2017 ikawa miaka 13 na miezi 5. Wakili mwaminifu humwambia mteja wake hatari hii kabla hajatia saini.

Na jamaa wa marehemu? Familia iende kwao, ikiwa na wazee na sheikh, hata kama hakuna faida yoyote mahakamani. Msamaha wao haufuti kesi, maana mashtaka ni ya dola, ingawa jaji anaweza kuupa uzito anapopima adhabu. Katika madhehebu ya Shafi, ngumi isiyoua kwa kawaida huhesabiwa kuwa inafanana na kukusudia: diya yake ni nzito, na mzigo wake ni wa ukoo wa upande wa baba, haumwangukii kijana peke yake.

Kafara, kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuachwa huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo, na hilo linawezekana gerezani. Akikata siku moja bila udhuru, anaanza upya. Ramadhani au Idi ikiingia katikati itauvunja mfululizo, basi achague miezi yake vizuri. Muharram na Safar hazina kizuizi.