UFUPISHO: Njia ya Mlimani Baada ya Mvua Kubwa

Ufupisho hutengewa alama 15 katika Karatasi ya Pili. Wengi huzipoteza kwa kunakili sentensi za kifungu au kwa kuzidisha maneno. Soma kifungu hiki mara mbili: mara ya kwanza ili uelewe, mara ya pili huku ukipigia mstari hoja kuu. Kisha ujibu maswali.

Kifungu

Watu wengi hudhani kwamba mvua ikikatika, hatari mlimani nayo imekwisha. La hasha! Udongo ulioshiba maji huwa mzito na chembe zake hazishikani vyema, hivyo huweza kuporomoka saa kadhaa, au hata siku kadhaa, baada ya jua kuwaka. Mizizi hulegea na miti mikubwa huanguka hata pasipo upepo. Kingo za mito humegeka. Daraja la magogo laweza kuonekana zima ilhali maji yamekwisha kula misingi yake. Njia yenyewe, kwa kuwa imeshindiliwa na nyayo za miaka mingi, hainywi maji. Hugeuka mfereji, udongo wa juu ukachukuliwa, yakabaki mawe yaliyolegea yanayoteleza chini ya kiatu.

Isitoshe, si lazima mvua inyeshe ulipo ndipo ikudhuru. Mvua ya mbali huweza kuleta mafuriko ya ghafla mahali palipo pakavu. Chukua mfano wa korongo lililo katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Maji ya mvua kutoka nyanda za juu huteremkia humo. Mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2019, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watu waliokuwa wakitembea humo. Katika mkasa wa 2019 walikufa watu saba. Kuta za korongo ni ndefu na nafasi ni nyembamba, kwa hiyo mtembezi hana pa kukimbilia maji yanapofika.

Mtu afanyeje basi? Kabla ya kuondoka, aulize maafisa wa hifadhi au mwelekezi kuhusu hali ya njia, kwani wao ndio wanaojua daraja lipi limekwenda na maji na mteremko upi umeporomoka. Aanze safari alfajiri, maana milimani mvua hunyesha zaidi alasiri, na kijito alichokivuka asubuhi kwa kuruka jiwe hadi jiwe huenda kisivukike jioni. Akikuta mto umejaa, maji ni ya kahawia na yanabeba matawi, asijaribu kuuvuka. Asubiri upungue. Mito ya milimani hujaa upesi, na mara nyingi hupungua upesi pia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Katika Mlima Kenya, njia ya Naro Moru hupita kwenye mteremko wenye kinamasi juu ya msitu. Wakati wa mvua, miguu huzama matopeni, na mtembezi hushawishika kupita kando, kwenye nyasi. Hapaswi kufanya hivyo. Mimea ya mahali penye baridi kali hukua polepole sana. Ikikanyagwa hufa, njia ikapanuka, na mvua ijayo ikachimba mtaro mpya. Heri apite katikati ya tope, viatu vichafuke. Na akiona njia haipitiki kabisa, ageuke arudi. Kurudi si woga, kilele hakihami.

Maswali

(a) Fupisha aya mbili za kwanza. Tumia maneno 50–55. (alama 8, 1 ya mtiririko)

(b) Eleza ushauri unaotolewa katika aya mbili za mwisho. Tumia maneno 50–55. (alama 7, 1 ya mtiririko)

Mwongozo wa swali (a)

Alama 8, moja ikiwa ya mtiririko, zinakuonyesha kwamba unatafuta hoja saba.

*Matayarisho*

1. Hatari haikomi mvua inapokatika.
2. Udongo ulioshiba maji huporomoka baadaye.
3. Mizizi hulegea, miti huanguka.
4. Kingo za mito na misingi ya madaraja huliwa na maji.
5. Njia hugeuka mfereji wenye mawe yaliyolegea.
6. Mvua ya mbali huleta mafuriko ya ghafla.
7. Korongoni hakuna pa kukimbilia.

*Nakala safi*

Hatari mlimani haikomi mvua inapokatika. Udongo ulioshiba maji huweza kuporomoka baadaye, na miti huanguka kwa kuwa mizizi imelegea. Maji hula kingo za mito na misingi ya madaraja, huku njia ikigeuka mfereji wenye mawe yaliyolegea. Isitoshe, mvua ya mbali huweza kuleta mafuriko ya ghafla mahali pakavu, na korongo humnyima mtembezi nafasi ya kukwepa. (maneno 52)

Zingatia

Hell's Gate, miaka na idadi ya waliokufa havimo katika nakala safi. Mifano hutolewa ili hoja ieleweke; katika ufupisho, mfano huachwa na hoja hubaki. Hata hivyo, usiiache hoja pamoja na mfano wake. Mtahiniwa anayeruka habari yote ya Naivasha hupoteza alama mbili, yaani hoja ya 6 na ya 7, ambazo ndizo zinazookoa maisha.

Sasa jibu swali la (b) mwenyewe. Tafuta hoja sita. Angalia hasa sentensi zenye vitenzi kama *aulize*, *aanze*, *asijaribu* na *ageuke*: kitenzi cha namna hiyo hubeba ushauri, na sentensi inayofuata aghalabu hutoa sababu tu. Lakini usitegemee vitenzi hivyo pekee, kwani katazo la kupita kando limeelezwa kwa neno *hapaswi*. Hesabu maneno yako kabla ya kuendelea na zoezi linalofuata.