Antena Wima na Udongo Mkavu wa Mkiwa

Mwanafunzi atakaye kujenga kituo cha redio ya ridhaa huuliza kwanza urefu wa mlingoti. Katika nyanda kame kama za Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Singida, swali lililo zito zaidi ni la udongo.

Antena wima hurusha mawimbi yakikaribia upeo wa macho, kwa hiyo yafaa kwa masafa marefu, kama Ulaya au Asia. Anayetaka kuzungumza na Dodoma au Tabora kwa megahezi 7, na atandaze waya mlalo.

Urefu ni hesabu nyepesi. Tugawe 300 kwa megahezi tulizochagua, tupate urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 14.2 ni mita 21.1. Robo yake ni 5.3, tukipunguza asilimia 5 hivi, twabaki na bomba la alumini la mita 5, likisimama juu ya kihami.

Bomba hilo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi, inayorudisha mkondo wa umeme shinani. Antena hii ina ukinzani wa mnururisho wa omu 36 hivi. Udongo ukiongeza omu 36 nyingine, kati ya wati 100 tunazopeleka, 50 hupasha joto mchanga! Vitabu nilivyosomea ng'ambo viliandikwa kwa udongo ulio mbichi karibu mwaka mzima.

Dawa ni nyaya 16 za mita 5, zilizofukiwa kidogo na kutawanyika kutoka shinani kama spoki za baiskeli, zote zikiungwa na ngao ya kebo.

Mlingoti ushikwe kwa kamba za nailoni, na usimame mahali ambapo hata ukianguka hautagusa nyaya za umeme. Kabla ya mawingu ya mvua kukusanyika, kebo ichomolewe na kuachwa nje ya nyumba. Chuma kilichopigwa katika udongo mkavu si kinga ya kutosha dhidi ya radi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alama za vituo vyetu huanza na 5H.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kebo ya omu 50 ikikutana na omu 36 za antena na 14 za udongo, kipimo cha nguvu inayorudi huonyesha sifuri, na fundi hufurahi. Akiongeza nyaya, kipimo huharibika kidogo, ilhali antena imekuwa bora.