SOMO LA UFUGAJI: KUTAMBUA VIFARANGA WA KIKE NA WA KIUME

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wengi wa Unguja na Pemba hufuga kuku nyumbani ili kujiongezea kipato na kitoweo. Anayefuga kwa ajili ya mayai huhitaji mitetea, na kila jogoo anayelishwa kwa kudhaniwa kuwa ni mtetea huwa hasara. Kwa hiyo inafaa ieleweke ni wakati gani rangi ya kifaranga inaweza kuaminiwa.

Rangi na urithi

Kwa kuku, jinsia ya kifaranga huamuliwa na yai la mama, si mbegu ya baba. Zipo rangi ambazo kuku jike huwarithisha wanawe wa kiume peke yao. Jike wa Light Sussex, mwenye manyoya meupe, akipandwa na jogoo mwekundu wa Rhode Island Red, vifaranga wa kiume huanguliwa na rangi ya manjano iliyopauka, na wa kike huwa na rangi ya hudhurungi. Jogoo huyo akimpanda jike wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga wote huwa weusi, lakini wa kiume huwa na doa jeupe utosini.

Kanuni hii ina masharti mawili:

(a) Wazazi wasibadilishwe nafasi. Jogoo wa Light Sussex na jike wa Rhode Island Red huzaa vifaranga wasiotofautishika kwa rangi.

(b) Alama hiyo ni ya kizazi cha kwanza tu. Katika kizazi cha pili, rangi zote huonekana kwa jinsia zote. Anayeuza vifaranga hao kwa kufuata rangi humpotosha mnunuzi, hata kama hakukusudia.

Kuku wa kienyeji wana damu iliyochanganyika kwa miaka mingi. Rangi ya vifaranga wao si ushahidi wa jinsia.

Tabia

Husemwa kwamba kifaranga anayesimama wima na kupigana ni jogoo. Ukweli ni kwamba vifaranga wa jinsia zote mbili hupimana nguvu ili kupata nafasi katika kundi. Umbo la yai nalo, liwe la mviringo au lenye ncha, halioneshi jinsia. Kumbinya kifaranga sehemu ya haja ili kumchunguza ni kazi ya mtaalamu. Asiyefunzwa anaweza kumjeruhi.

Dalili za kutegemewa

Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, upanga na ndevu za majogoo hukua na kuwa nyekundu mapema kuliko za mitetea. Kufikia miezi 3 hivi, manyoya ya shingoni na kiunoni mwa jogoo huwa membamba yenye ncha, na ya mtetea huwa na ncha ya mviringo. Walinganishwe kuku wa umri mmoja na wa aina moja.

Ushauri

Mfugaji anashauriwa kumuuliza muuzaji aina ya baba, aina ya mama, na kama vifaranga ni wa kizazi cha kwanza. Asipopata majibu, ahesabu kuwa nusu yao ni majogoo: anayetaka mitetea 20 anunue vifaranga wasiopungua 40, na aongeze wachache kufidia vifo. Asichinje wala kuuza kwa kubahatisha kabla dalili hazijakamilika.