Fandesheni ya bei nafuu ijaribiwe juani

Uso ukitoka kijivu, lawama ya kwanza huangukia bei. "Si nilinunua ya bei rahisi," mtu anasema, kisha anaanza kudunduliza apate chupa ya laki moja. Ukimtazama vizuri unakuta fandesheni yenyewe haina kosa kubwa: rangi si yake, au kajipaka nyingi mno. Chupa ya laki yenye rangi ile ile ingempausha vile vile, na hasara ingekuwa kubwa zaidi.

Kwa uso wa kila siku, wa kwenda kazini, chuoni au kufungua duka, vipodozi vya bei ya chini vinatosha kabisa. Ila vinataka kujaribiwa kwa subira, kuanzia pale unapovichagua hadi jioni unapoviosha.

Tuseme una shilingi 30,000 na unaingia Kariakoo. Usinunue seti. Yale maboksi yenye rangi za macho 40, poda tatu na brashi zinazomwaga nywele yanavutia kwa macho tu. Utatumia rangi mbili, nyingine zitakauka. Zaidi ya nusu ya pesa iende kwenye fandesheni, kwa sababu hiyo ndiyo isiyosamehe ikikosewa rangi. Inayobaki inunue poda na rangi moja ya mdomo. Sponji inaweza kusubiri. Vidole safi vinapaka vizuri, maana joto lake hulainisha fandesheni ikashika ngozi.

Sasa kazi yenyewe. Dukani kuna taa nyeupe kali, na kuna kaka anayekupaka mstari nyuma ya kiganja huku akisema, "Dada, hii ndiyo rangi yako kabisa, kila mtu anachukua hii." Nyuma ya kiganja si uso. Mwombe akuonyeshe rangi tatu zinazokaribiana na yako, futa mdomo wa kila testa kwa tishu, kisha jichoree mistari mitatu myembamba kwenye taya, kutoka shavuni kuelekea shingoni. Halafu mwambie, "Kaka, natoka nje mara moja." Simama barazani kwenye mwanga wa mchana, si kwenye kivuli cha mwavuli wa rangi, ujitazame kwa kioo kidogo au simu. Mstari unaopotea ndio wako.

Usilipe bado. Fandesheni nyingi hubadilika zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa. Iliyokuwa sawa sawa mwanzoni inakuwa nyeusi kidogo au nyekundu baada ya robo saa. Nenda kanunue vitu vyako vingine, zunguka, toka jasho, kisha jitazame tena. Muuzaji mwenye biashara yake hatakasirika. Akikasirika, maduka mtaani yako mengi.

Watu wengi wa rangi ya maji ya kunde na weusi huangushwa na ile rangi iliyo ndani ya rangi. Wawili wanaweza kuwa na weusi ule ule, mmoja akaelekea kwenye wekundu, mwenzake kwenye manjano. Ukikosea upande wa wekundu, uso unakuwa kama umeungua jua. Ukikosea upande wa manjano, unaonekana umetoka kuugua. Kijivu huja pale fandesheni inapokuwa nyeupe kuliko ngozi yako. Kuna ushauri wa kutazama mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya bluu. Kwa ngozi nyeusi siuamini sana, kwa sababu mara nyingi mishipa yenyewe haionekani vizuri. Mistari mitatu kwenye taya inasema kweli zaidi.

Namba nazo zisikudanganye. Chukua Maybelline Fit Me, ambayo wengi wanaijua: ina 330, 355, 360, 375 na nyingine nyingi, lakini kupanda kutoka namba moja hadi inayofuata si kuongeza weusi tu, wakati mwingine hata ule wekundu au umanjano hubadilika. Na namba ya kampuni moja haina maana yoyote kwenye chupa ya kampuni nyingine. Angalia pia aina. Fit Me iliyoandikwa Matte + Poreless inakausha mafuta, Dewy + Smooth inaacha unyevu. Kwa joto la Dar es Salaam mwenye uso wa mafuta achukue ya kwanza. Mwenye ngozi kavu akiipaka itamkatikia kwenye kona za pua.

Paji la uso likiwa jeusi kuliko mashavu, na kwa wengi wetu ndivyo lilivyo, usitafute fandesheni ya kuliweka sawa na mashavu. Fuata rangi ya taya na shingo, paka katikati ya uso tu, kisha ififishe kuelekea pembeni. Chupa itadumu, na hutaacha alama kwenye ushungi au kola.

Kabla ya kuipaka uso mzima, paka kidogo nyuma ya sikio, uirudie kesho yake. Ikiwasha au kutoa vipele, mahali pake ni pipa la taka, hata kama ulinunua ghali.

Kisha itafutie siku ya kawaida kabisa. Usiijaribu siku ya kitchen party ya mdogo wako. Ipake asubuhi, panda daladala, fanya kazi, na ujikague mara tatu: ukifika kazini, baada ya chakula cha mchana, na jioni. Tazama mabawa ya pua, pembe za mdomo na chini ya macho. Ikiwa imejikusanya kwenye mikunjo, ulipaka nyingi. Ikiwa imeteleza yote, chunguza ulichopaka chini yake kabla ya kuilaumu. Wengi tunaanza na mafuta mazito ya mgando, na juu ya hayo hakuna fandesheni itakayokaa. Badili utumie losheni nyepesi, iache inywewe dakika kadhaa. Kama losheni na fandesheni vikisuguliwa pamoja mkononi vinatoa vipande vipande kama uchafu wa kifutio, havielewani, badilisha kimoja.

Poda igandamizwe, isisuguliwe: paji, pua, kidevu, basi. Epuka ile nyeupe inayodaiwa kufaa kila ngozi. Kwenye ngozi nyeusi huacha vumbi, na flashi ya kamera ikipiga ndiyo inaanika yote. Poda yenye rangi yako ni salama zaidi.

Chupa ikiandikwa kinga ya jua, usiitegemee peke yake. Ili upate kinga iliyoandikwa ungelazimika kupaka fandesheni nene kiasi ambacho hakuna anayepaka. Anza na krimu ya jua.

Bei nafuu ni jambo moja, bandia ni jambo jingine. Jina kubwa la nje linalouzwa elfu tano kwenye turubai linanitia wasiwasi kuliko kampuni ndogo inayouza kwa jina lake. Tazama boksi: orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe, tahajia. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kwa hiyo huko ndiko pa kuuliza au kutoa taarifa. Na muuzaji akikuongezea "krimu ya kung'arisha ya kuweka chini ya fandesheni", mrudishie. Zebaki na haidrokwinoni, vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, hupatikana humo. Wanja usio na lebo nao uuache, maana baadhi una madini ya risasi.

Kwenye chupa tafuta mchoro wa kopo lililofunguka, wenye 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu uifungue. Sponji ioshwe kwa sabuni kila wiki. Ikianza kunuka, itupe.

Msimu wa jua kali ngozi yako itakolea, na ile rangi uliyoihangaikia barazani itaanza kupauka. Usiitupe. Nunua chupa ndogo iliyokolea hatua moja, changanya matone ya zote mbili kiganjani, kisha upime tena kwenye taya, nje, mchana.