Sola: Tuifunge Paani au Tuibebe?



Katika mkutano mmoja pale Buxton, mama mmoja alitusimulia yaliyompata. Alikuwa amepanga chumba. Akakopa kwenye chama, akanunua paneli ya sola, na fundi akaifunga juu ya mabati. Siku ya kuhama, mwenye nyumba akamwambia, "Kilichopigiliwa paani ni cha nyumba." Paneli ikabaki, deni likamfuata.

Hata hapa kisiwani penye stima, sola inatusaidia. Tokeni huisha, stima hupotea, na anayeuza viazi karai kwa mkokoteni usiku hana waya wa kumfikia. Lakini kabla ya kununua, hebu tujiulize maswali matatu.

1. Paa ni la nani?
Kama nyumba ni yako, funga paani. Kama umepanga, nunua ya kubeba, au muandikiane na mwenye nyumba kwamba paneli ni yako na utaondoka nayo. Maneno ya mdomo hayatoshi. Tukumbuke pia kwamba mpangaji huhama hata asipopenda: hapa Buxton, nyumba za zamani za serikali zilianza kubomolewa mwaka wa 2021 ili zijengwe ghorofa mpya.

2. Mchana nani yuko nyumbani?
Paneli ya kubeba hutolewa asubuhi, hugeuzwa kufuata jua, na huingizwa ndani jioni. Ikiachwa peke yake uani, mwizi ataiona kabla yako. Kama nyote mnaenda kazini, ya paani ni afadhali. Anayekaa na mkokoteni wake kutwa, yeye ya kubeba inamfaa.

3. Mnahitaji kiasi gani?
Tupige hesabu: wati mara saa.
– Taa 3 za wati 5, saa 4 kila usiku: 60
– Redio ya wati 5, saa 4: 20
– Simu 2, kama 15 kila moja: 30
Jumla ni 110 kwa siku. Paneli ya wati 50 kwenye jua kali la saa 5 hutoa 250. Toa kinachopotea kwa joto, vumbi na betri, tuhesabu 150. Basi inatosha. Mwenye mkokoteni, kwa taa moja na simu moja, anahitaji 35 tu. Paneli ya wati 20 inamtosha, na huibeba kwa mkono mmoja.

Ukifunga paani
Usiilaze kabisa juu ya mabati. Acha nafasi ya kiganja ili upepo upite, kwani paneli ikipata joto sana nguvu hupungua. Iinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Angalia kivuli cha mwarobaini au cha ghorofa ya jirani: kivuli kidogo tu hupunguza umeme mwingi. Chumvi ya bahari hula misumari, kwa hiyo tumia bolti zisizoshika kutu.

Ukichagua ya kubeba
Iweke mbali na watoto na mbuzi. Usivute waya mrefu na mwembamba, umeme hupotea njiani. Betri ikae kivulini, si juani pamoja na paneli.

Kwa zote mbili, msikubali fundi aunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Kile kisanduku cha katikati, kontrola, ndicho kinachozuia betri kujaa kupita kiasi na kuharibika.

Yule mama sasa ana paneli ndogo ya kubeba. Deni la ile ya kwanza bado analilipa.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Wangapi kati yetu tuna paa letu wenyewe?
2. Chama kikimkopesha mpangaji pesa za sola, kidai barua gani kwanza?
3. Kila mmoja apige hesabu ya nyumba yake, ailete mkutano ujao.