Kuvua Kambare Siku ya Upepo

Mwandiga iko karibu na mji wa Kigoma, na Ziwa Tanganyika haliko mbali. Katika ziwa hilo wavuvi huvua kambare kwa mishipi. Kambare hana magamba. Ana sharubu mdomoni, ambazo humsaidia kupapasa na kuonja chakula. Kwa hiyo hutambua chambo hata maji yakiwa yamevurugwa na mawimbi.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Upepo ukisukuma uso wa maji hufanya mawimbi. Mawimbi yakipiga ubavu wa mtumbwi, mtumbwi huyumba na huweza kupinduka. Ndiyo maana mvuvi hufunga kamba ya nanga kwenye omo, wala si ubavuni. Hapo omo huelekea upepo na kuyakata mawimbi. Tena wavuvi huketi, kwa sababu uzito ukiwa chini mtumbwi hutulia. Upepo ukizidi, hurudi ufukoni mapema.

Jaribio
Chonga mtumbwi mdogo wa mti. Funga uzi kwenye omo, na ncha ya pili uifunge kwenye jiwe lililo ndani ya karai la maji. Puliza kutoka ubavuni. Omo imegeukia wapi? Sasa funga uzi katikati ya ubavu, kisha puliza tena. Umeona nini?

Maswali
1. Sharubu za kambare zina kazi gani?
2. Mawimbi husababishwa na nini?
3. Kwa nini ni hatari kusimama mtumbwini?