Kilo 8 zimeenda wapi? Tablo ya kujaribu ndani ya programu ya koperative



Kwenye depo tunasikia mara nyingi: «Nilileta kilo 100 za mahindi, karani ameandika 92. Kilo 8 zimeenda wapi?» Mara nyingi hakuna mwizi, ni maji tu. Lakini mtu anaamini hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe. Kwa hiyo tunaonyesha hapa namna ya kuweka tablo ya kuhesabu ndani ya programu ya koperative, ile munayofungua kwenye telefone.

1. Hesabu yenyewe

Mahindi ya kuweka depo yanapaswa kuwa na unyevu wa 13 kwa mia ao chini yake. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa 20 kwa mia iko na kilo 20 za maji na kilo 80 za mahindi kavu kabisa. Zile 80 hazipotei. Maji yakishuka mpaka 13, zile 80 zinakuwa sehemu 87 kwa mia ya uzito mupya. Basi: 100 × 80 ÷ 87 = karibu 92.

2. Kutengeneza tablo

Fungueni tablo ya hesabu kwenye ordinateri. B1 andikeni kilo, B2 unyevu, B3 bei ya kilo moja. B4 wekeni =B1*(100-B2)/87, hizo ni kilo za kulipwa. B5 wekeni =B4*B3, hiyo ni feza. Vyumba vitatu vya kwanza viache wazi. B4 na B5 vifungwe, mtu asivifute kwa bahati mbaya.

3. Kuiingiza ndani ya programu

Hapa sisi tulikosea mwanzoni. Tulifungua tablo moja ya Google Sheets, kila mtu aandike ndani. Mama mmoja aliandika kilo zake. Mwanamemba wa depo ingine akaona namba zimebadilika, akafikiri ni zake. Tulipata kelele siku mbili.

Tukajaribu njia ya kuitangaza kwenye intaneti. Hapo watu wanaangalia tu, hawawezi kuandika. Tena kila mwenye kupata anwani yake anaiona. Basi musiweke majina wala madeni ya watu humo.

Njia iliyotufaa ni kuweka tablo ndani ya programu yenyewe. Kijana anayetengeneza programu kwa Streamlit atumie data_editor. Safu za matokeo azifunge, na programu ifanye hesabu kila mara namba inapobadilishwa. Namba mtu anayoandika inabaki kwenye ukurasa wake tu. Haiingii kwenye daftari la koperative, isipokuwa kijana ameweka amri ya kuihifadhi. Amri hiyo asiiweke.

4. Tablo ya kujaribu si daftari

Tablo ni ya kujaribu: «Nikianika siku mbili tena, nitapata nini?» Daftari ni ya kilo zilizopimwa kwenye mzani mbele ya mwenye mahindi, na yeye anabaki na risiti. Vitu hivi viwili visichanganywe hata siku moja.

Tena tablo haipimi unyevu. Kipimo kikidanganya, tablo nayo itadanganya. Pimeni mbele ya mwenye mahindi, naye asome namba kwa macho yake.

Kama hakuna rezo, bandikeni hii kwenye mlango wa depo, kwa kila kilo 100:

unyevu 14: kilo 98,9
unyevu 16: kilo 96,6
unyevu 18: kilo 94,3
unyevu 20: kilo 92
unyevu 22: kilo 89,7
unyevu 25: kilo 86,2

5. Ya kuzungumzia kwenye mkutano

a) Nani anashika kipimo cha unyevu, na nani anamwangalia?

b) Mwanamemba akileta kilo 100 zenye unyevu wa 12, hesabu inampa kilo 101,1. Mutamlipa 101,1 ao 100? Aliyeanika vizuri anangojea jibu hilo. Mukate neno mbele ya mavuno, muliandike, kisha kijana aliweke ndani ya tablo. Mukingoja mpaka magunia yafike kwenye mzani, itakuwa ugomvi.